Laini Moja, Kompyuta Nyingi: Historia ya Kugawana Intaneti Wilayani Ngara

Kugawana intaneti ni kuifanya laini moja ihudumie kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja. Katika wilaya ya Ngara, kwenye kata kama Kasulo iliyo kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, jambo hilo lilitokana na uhaba: laini ilikuwa moja, tena ya bei, na wenye shida nayo walikuwa wengi. Historia yake ni ya vifaa, lakini zaidi ni ya mafundi waliojifunza kutambua hitilafu iko upande gani: kwenye laini yenyewe, kwenye kompyuta inayogawa, au kwenye ile inayogawiwa.

Mawasiliano ya kisasa yalifika Kasulo kwa msukosuko. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walioikimbia nchi yao walivuka daraja la Rusumo, mpakani, katika muda wa saa 24 hivi. Walipewa hifadhi Benaco, katika kata hiyo, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, na kambi ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa jirani. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na mashirika mengine ya misaada yalifanya kazi kwa redio za HF na simu za setilaiti. Simu ya setilaiti ilitozwa kwa dola na kwa dakika, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuandika ujumbe kwanza, kuukusanya pamoja na mwingine, kisha kuutuma wote kwa mkupuo. Huko nako kulikuwa kugawana, ila kwa zamu.

Mwezi uliofuata, Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya NAT, mbinu inayoziwezesha kompyuta nyingi kutoka nje kwa anwani moja ya IP. Kompyuta iliyo mlangoni huandika kumbukumbu ya nani kaomba nini, hutuma ombi kwa jina lake yenyewe, na jibu likirudi hulipeleka kwa mwenyewe. Karibu kila intaneti iliyogawanywa baadaye katika Afrika Mashariki ilisimama juu ya mbinu hiyo.

Hata hivyo, kompyuta zilichelewa kuenea. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililolegezwa polepole, na intaneti ya kibiashara ilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Kanda ya Ziwa ilipata mfano wa mapema pale kituo cha mawasiliano cha Sengerema kilipoanzishwa mwaka 2001, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikishiriki. Kompyuta zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa za mtumba kutoka Ulaya na Dubai: Pentium II na III, kumbukumbu ya megabaiti 64 au 128, na Windows 98 ndani yake. Modemu ya simu ilikuwa na kasi ya juu kabisa ya kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, picha ya megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika mbili. Kompyuta nne zikiomba picha kama hiyo kwa pamoja, kila mtu alisubiri kama dakika kumi. Malalamiko mengi ya mtandao kusumbua yalianzia kwenye hesabu hiyo, bila kitu chochote kuharibika.

Mwaka 1999 Windows 98 toleo la pili lilikuja na uwezo wa kugawa intaneti bila kununua programu nyingine. Kompyuta moja, ambayo kwenye migahawa ya intaneti na maofisini iliitwa seva hata kama ilikuwa ya kawaida tu, iliunganishwa na modemu au dishi la setilaiti kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kadi yake ya mtandao iliunganishwa na habu, kifaa cha kuunganishia kompyuta nyingine. Kadi hiyo ilijipa anwani 192.168.0.1, kisha seva ikazigawia kompyuta nyingine anwani zao. Mpango ni mwepesi, na wepesi wake ndio uliozaa hitilafu zilizorudi kila mara.

Ya kwanza ilikuwa ya mpangilio wa kuwasha. Kompyuta ya mteja ikiwashwa kabla ya seva, haikuona wa kuigawia anwani, ikajipa yenyewe inayoanza na 169.254. Waya ulikuwa mzima, taa za habu ziliwaka, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Fundi mzoefu alifungua winipcfg kwenye Windows 98, au ipconfig kwenye Windows XP, akasoma tarakimu tatu za mwanzo na kujua tatizo kabla ya kugusa waya wowote. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, na kila mashine huamka kwa wakati wake, hitilafu hii ilikuwa ya kila siku.

Ya pili ilisumbua zaidi. Modemu nyingi za kisasa zaidi zilitoka kiwandani zikiwa na anwani ileile, 192.168.0.1. Zikiunganishwa na seva ya Windows XP inayogawa, vitu viwili vilidai anwani moja, na mtandao ukafa palepale. Wengi walibadilisha waya, wakasakinisha Windows upya, wakalaumu kampuni ya simu. Dawa ilikuwa kuingia kwenye modemu na kuipa anwani nyingine, kwa mfano 192.168.1.1. Kuanzia Windows 7, Microsoft ilihamishia anwani ya seva kwenye 192.168.137.1, na mgongano huo ukapungua sana.

Kazi ya fundi ilikuwa na utaratibu wake, na ni utaratibu unaostahili heshima, kwa kuwa ulipatikana mbali na shule yoyote ya kompyuta. Alianza na seva: je, yenyewe inafungua ukurasa? Kama haifungui, hakuna haja ya kuhangaika na wateja. Kama inafungua, alikwenda kwa mteja akapiga ping, yaani kutuma ombi fupi la kuitikiwa, kwenye 192.168.0.1. Jibu lisipokuja, tatizo liko kwenye waya, kadi au ukuta wa usalama, ambao toleo la pili la maboresho ya Windows XP, Agosti 2004, liliuwasha bila kumuuliza mwenye kompyuta. Jibu likija, alipiga ping kwenye anwani ya nje kwa tarakimu, kisha kwa jina. Tarakimu zikiitika na jina likagoma, kasoro ni ya DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Kwenye laini ya setilaiti alipaswa pia kuwa na subira: ishara hupanda kilomita 36,000 na kushuka, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo, hivyo nusu sekunde ya kusubiri haikuwa ugonjwa.

Virusi navyo vilivuruga hesabu. Blaster ya Agosti 2003 na Sasser ya mwaka 2004 zilizima kompyuta zenyewe na kuujaza mtandao. Mteja mmoja aliyeambukizwa aliweza kuimaliza laini ya wote. Kwa upande wa vifaa, radi za bonde la Ziwa Victoria, zilizo miongoni mwa nyingi kabisa duniani, ziliunguza modemu na kadi kupitia waya wa simu.

Mabadiliko makubwa yalianza na mkongo wa baharini wa SEACOM ulioanza kazi Dar es Salaam Julai 2009. Mkongo wa Taifa ulipojengwa, maungio yake na nchi jirani yaliwekwa pia wilayani Ngara: Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Kwa watu wa kawaida, hata hivyo, kilichoonekana kilikuwa modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu, ikichomekwa kwenye kompyuta moja na kugawiwa nyingine kwa njia ileile ya mwaka 1999. Simu za Android zilipopata uwezo wa hotspoti mwaka 2010, kazi ya seva ilihamia mfukoni, na swali la kwanza la fundi likawa kama bando limekwisha.

Kompyuta za zamani zinazoendelea kufanya kazi zimeleta hitilafu mpya. Ping inaitika, anwani ni sahihi, bado kurasa zinakataa kufunguka. Mara nyingi betri ndogo ya ubao mkuu imekufa na saa imerudi mwaka 2002, kwa hiyo vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Betri ikibadilishwa na tarehe ikawekwa sawa, baadhi ya kurasa hufunguka. Zinazobaki zinahitaji usimbaji ambao kivinjari cha Windows XP, mfumo ulioachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, hakiujui. Kwa mashine kama hiyo mafundi huweka toleo jepesi la Linux, na huwa linatosha kuirudisha kazini.