Kutoka Kunenepa hadi Kubinafsisha

Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya Tanzania yalitaifishwa. Mwananchi hakuhitaji kamusi. Taifa alilijua, na kiambishi -isha alikuwa nacho mdomoni tangu utotoni, alipotumwa asafishe sufuria au alipoambiwa afupishe maneno.

Ufundi huu wa kugeuza nomino na vivumishi kuwa vitenzi ni mkongwe sana. Nenepa ni nene iliyoongezwa -pa, na ogopa imetoka katika shina moja na woga. Kiambishi hicho tulikirithi kutoka lugha mama ya Kibantu, ila siku hizi hakizai tena. Kazi imebaki kwa -ika na -isha.

Uhodari wa viambishi hivi ulionekana hasa maneno ya Kiarabu yalipoingia pwani. Kiarabu huunda vitenzi kwa kubadili sauti ndani ya mzizi wenyewe. Waswahili hawakulazimika kufuata njia hiyo: mara nyingi walichukua neno na kulipachika mkia wa Kibantu. Safi ikazaa safisha, halali ikazaa halalisha, rahisi ikazaa rahisisha, bahati ikazaa bahatika na bahatisha. Anayedai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika aanze kwa kuvieleza vitenzi hivi.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya maandishi, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ikashika kazi ya kukisanifisha. Baada ya uhuru, siasa na uchumi vikadai vitenzi vyao. Mabenki yaliyotaifishwa yaliunda Benki ya Taifa ya Biashara. Miaka ya 1990 upepo ukageuka, magazeti yakajaa habari za kubinafsisha. Benki hiyo hiyo ikagawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 hisa zake nyingi zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Sera mbili zinazopingana, kiambishi kimoja. Mwaka 2004 ukaja MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, na rasmi nayo ikapata kitenzi serikalini.

Kwa hiyo, wahariri na watangazaji, kabla ya kuokota kitenzi cha Kiingereza, au kuandika “kufanya kitu kiwe rasmi” kwa maneno manne, jaribuni kwanza -isha.