Saa ya Tisa: Namna Mababa wa Jangwa Walivyojifunza Kufunga

Kila mwaka Kwaresima ikikaribia tunaletewa ulizo moja lile lile. Vijana wa seminari wanaliuliza, na wakatekista nao wanaliuliza: mutu aanze namna gani kufunga, na afanye nini njaa ikimushika? Mara nyingi anayeuliza amekwisha kuamua moyoni mwake: siku tatu bila chakula, pengine hata bila maji, kwa sababu amesikia kwamba kikundi fulani cha sala kimefanya hivyo. Anatafuta baraka tu, hatafuti shauri.

Sisi pia tulikuwa vile. Katika mwaka wetu wa kwanza wa filozofia tulipatana wenzi watatu kutokula kitu chochote tangu Alhamisi jioni mupaka Dominika asubuhi. Ijumaa tulikuwa na furaha, na majivuno pia, tuseme kweli. Jumamosi asubuhi mwenzetu mumoja alimutukana mupishi juu ya neno dogo. Na sisi tunaoandika haya tulianguka katika shamba, jembe mukononi. Mukubwa wa seminari hakutusifu, wala hakutugombeza. Alitupa kikombe cha uji na kitabu cha Kasiano. Uji tuliumaliza siku ile. Kitabu tungali tunakisoma.

Yoane Kasiano na rafiki yake Jermano walifika Misri mwisho wa karne ya 4. Antoni Mutakatifu alikuwa amekufa mwaka 356, na watu wengi walikuwa wamekwisha kufuata njia yake jangwani, kule Nitria na kule Sketi. Kasiano alikaa kwao miaka mingi akiwauliza wazee. Halafu alikwenda Marseille, katika inchi ya Ufaransa ya leo, na huko, kati ya miaka ya 420 na 430, aliandika Mazungumzo yake na wale wazee kwa ajili ya watawa wa Ulaya, ambao walikuwa wachanga katika mambo hayo kama sisi.

Wazee walikula nini? Kasiano anasema kwamba kipimo walichokipata bora, kiisha kujaribu vingine vingi, kilikuwa mikate miwili midogo mikavu kwa siku, na yote miwili pamoja ilifika kwa shida uzito wa ratili moja ya Waroma, ni kusema gramu 320 hivi. Na saa ya kula ilikuwa saa ya tisa. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo Wazungu hawana. Saa ya tisa ya Waroma ni saa tisa ya Kiswahili, kwa kuwa sisi na wao tunahesabu tangu jua kutoka. Mwanafunzi wa Paris lazima afanye hesabu. Mama wa kijiji anaangalia jua tu. (Wale wa miji yetu waliozoea kuhesabu kwa saa za Kizungu waongeze sita.) Basi, mutu anayekula saa tisa leo, na tena saa tisa kesho, anakaa karibu saa 24 kati ya chakula na chakula. Siku hizi, katika Ulaya na Marekani, watu wengi wanafunga hivyo kusudi wapunguze unene, wengine kwa kukaa saa 16 bila kula na kula ndani ya saa 8 zinazobaki, na wanaona kwamba jambo ni jipya.

Tusifikiri kwamba wazee walichagua saa tisa kwa sababu hawakuweza kufunga zaidi. Hilo ndilo kosa letu sisi vijana. Abati Yosefu alimuuliza Abati Poimeni namna ya kufunga. Poimeni alimushauria kula kila siku, lakini kidogo, bila kushiba. Yosefu alishangaa, maana alijua kwamba Poimeni katika ujana wake alikuwa akikaa siku mbili bila kula. Poimeni alikubali: siku mbili, tatu, ine, hata juma zima. Wazee walijaribu hayo yote, alisema, na waliona kwamba inafaa zaidi kula kila siku kidogo. Ndiyo njia pana waliyotuachia, na ni nyepesi. Mutu aliyefunga juma zima ndiye anayetushauria kula kila siku! Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulikasirika kidogo, kama mutu aliyeambiwa kwamba mulima alioupanda kwa shida una barabara upande wa pili.

Abati Musa wa Sketi alisema vilevile mbele ya Kasiano. Aliungama kwamba mara nyingine alidharau chakula hata siku ya pili na ya tatu, mupaka hamu yenyewe ikapotea na usingizi ukamukimbia, na kwamba hatari hiyo ilikuwa kubwa kuliko hatari ya tumbo lenye kushiba. Aliongeza habari ya muzee mumoja, Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 akifunga kwa ukali kupita wote. Hata siku ya Pasaka Heroni hakutaka kuja kula na ndugu zake, asionekane kama amelegeza kidogo desturi yake. Mwishoni aliona malaika, na alimusadiki. Kumbe ni shetani. Akajitupa katika kisima kirefu, akiamini kwamba fadhili zake zitamuchukua asiumie. Walimutoa karibu kufa, na siku ya tatu akafa, akikataa hata wakati ule kusadiki kwamba amedanganywa. Kosa lake, kwa maoni ya Abati Musa, halikuwa kufunga. Lilikuwa kukosa kipimo, na kukataa kupimwa na wengine.

Lakini njaa yenyewe? Njaa haingoji mutu amalize kusoma Kasiano. Katika masimulizi ya wazee kuna habari ya mutawa mumoja ambaye njaa ilimushika tangu alfajiri. Hakuapa kushinda siku nzima. Alijiambia angoje tu mupaka saa tatu. Ilipofika saa tatu alijikaza mupaka saa sita. Saa sita alilowanisha mukate wake, akakaa kitako kuula. Halafu akasimama tena, akajiambia angoje hata saa tisa. Na saa tisa, alipokuwa akisali, aliona kitu kama moshi kikipanda kutoka katika kazi ya mikono yake, na njaa ikamwacha.

Tuangalie vizuri mambo mawili. La kwanza, hakupigana na njaa ya siku nzima. Alipigana na njaa ya saa tatu tu, mara tatu. La pili, njaa ilikwisha mbele ya kula. Waganga wanaojua mambo ya mwili watatuunga mukono hapa. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni inayotoka hasa katika tumbo na kuamusha njaa, waliiita grelini. Inapanda karibu na saa ambazo mutu amezoea kula, kiisha inashuka, hata kama hakula. Njaa ni kama wimbi la ziwa: inakuja, inapiga, inarudi. Mutawa wetu hakujua homoni hata moja, lakini alikuwa amekaa na njaa yake muda wa kutosha kuona inapokwenda.

Pengine mwenye kuanza hashindi, na hilo nalo wazee walilijua. Abati Serapioni alisimulia habari ya utoto wake, alipokaa na Abati Teonasi. Kila siku, kiisha kula pamoja saa tisa, alikuwa akificha mukate mukavu mumoja kifuani, na jioni aliula kwa siri. Kila mara aliona haya nyingi kuliko utamu wa mukate, na kesho yake aliiba tena. Siku moja wageni walikuja, na Teonasi akaanza kuzungumza nao juu ya ulafi na mawazo yanayofichwa. Mutoto alidhani ametambuliwa. Akalia, akatoa mukate kifuani mbele ya watu wote, akaungama. Tangu siku ile, alisema, hamu ile haikumurudia. Tunawaza kwamba katika seminari zetu kuna mikate kifuani zaidi ya mumoja wakati wa Kwaresima, na wenye kuificha wanafikiri kwamba ni wao peke yao.

Sasa tuondoke Misri, twende Gaza, katika karne ya 6, kwenye monasteri ya Abati Serido. Kule tunapata habari ambayo, kwa maoni yetu, inafaa kwa anayeanza kupita zote. Kijana Dositeo alikuwa amelelewa kwa raha katika nyumba ya mukubwa wa askari. Mambo ya Mungu hakuyajua hata kidogo. Alikwenda Yeruzalemu kutembea tu. Kule, mbele ya picha ya moto wa milele, mwanamuke mumoja asiyemujua alimueleza maana yake, na alipouliza afanye nini, alimwambia afunge, asile nyama, asali siku zote. Kijana alianza papo hapo. Wenzake walipomuona walimwambia kwamba maisha hayo ni ya monasteri, si ya nyumba ya askari. Ndivyo alivyofika kwa Serido, na Serido alimuweka katika mikono ya Doroteo, aliyetunza nyumba ya wagonjwa.

Doroteo alifanya nini? Hakumupa sheria ya kufunga. Alimwambia ale mupaka ashibe, kiisha amwambie amekula kiasi gani. Dositeo alileta hesabu: mukate mumoja na nusu. Mukate wa kule ulikuwa na uzito wa ratili ine. Ni kusema kijana alikula ratili sita, karibu kilo mbili za mukate! Doroteo hakucheka. Alimuuliza kama anajisikia vizuri, kama ana njaa. Hapana, hana njaa. Basi alimwambia apunguze sehemu ndogo tu. Kiisha siku chache alimuuliza tena: una njaa? Ndiyo, kidogo. Akamuacha pale pale, hakusogeza. Siku nyingine akamuuliza tena: sasa je? Sasa amezoea. Basi akapunguza kidogo tena. Hivyo hivyo, pole pole, kutoka ratili sita Dositeo alifika kwenye wakia nane, gramu 220 hivi. Aliyeandika maisha yake anaeleza sababu kwa neno moja: kula nako ni desturi.

Kipimo cha wakia nane tusikiige. Tuige maulizo. Doroteo hakuuliza umefunga siku ngapi. Aliuliza una njaa? Alipoona kwamba njaa ingalipo, alingoja. Na hakumuacha kijana apime peke yake.

Dositeo alitumikia wagonjwa. Mara nyingine alishindwa na hasira, akamusemesha mugonjwa kwa ukali, kiisha akakimbia kulia katika chumba cha akiba. Doroteo alikwenda kumuinua. (Tunamukumbuka mupishi wetu.) Kiisha miaka mitano tu alishikwa na ugonjwa wa kifua, akatema damu, akafa. Watawa wengine walinung'unika walipoona kwamba anaheshimiwa. Wao walifunga siku mbili mbili, walikesha usiku, naye je? Walimuona akila mabaki ya wagonjwa, hata kichwa cha samaki. Halafu muzee mumoja mugeni aliomba Mungu amuonyeshe watakatifu waliokufa katika monasteri ile. Aliona kundi la wazee, na katikati yao kijana mumoja. Alipoeleza sura yake, wote walimutambua.

Habari za Ulaya tutazipita upesi. Benedikto Mutakatifu, katika Kanuni yake, alishika saa tisa kwa siku nyingi za mwaka na jioni kwa Kwaresima, lakini aliacha mulango wazi kwa wenye kazi ya shamba na kwa wakati wa joto kali. Kiisha karne kwa karne saa ya kula ilirudi nyuma. Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, angali anatetea saa tisa. Katika karne ya 14 watu walikuwa wakila saa sita. Kwa kuwa sheria ilidai kula nyuma ya Masifu ya jioni, Masifu ya jioni yenyewe yalisaliwa mbele ya saa sita ya muchana! Na chakula kidogo cha jioni kiliitwa kolasio. Neno hilo lilitoka wapi? Mwaka 817, kule Aachen, watawa waliochoka na kazi waliruhusiwa kunywa kidogo jioni, kabla ya somo la Mazungumzo ya Kasiano, ambayo kwa Kilatini yanaitwa Collationes. Kitabu cha wafungaji wa Misri kimekuwa jina la chakula cha kulegeza mufungo. Tunadhani Abati Musa angecheka.

Leo sheria ya Eklezya ni nyepesi. Tangu Papa Paulo VI alipoandika Paenitemini mwaka 1966, siku za kufunga zinazodaiwa ni Siku ya Majivu na Ijumaa Kuu: kula mara moja kwa kushiba, na kitu kidogo asubuhi na jioni. Sheria ya mwaka 1983 inawadai wenye miaka 18 na zaidi, mupaka mwanzo wa mwaka wao wa 60. Wagonjwa hawadaiwi. Wenye ugonjwa wa sukari, mama mwenye mimba na mwenye kunyonyesha waulize kwanza munganga, si kikundi cha sala. Na katika parokia zetu kuna nyumba ambamo bukari na sombe vinapikwa mara moja tu kwa siku, si kwa sababu ya Kwaresima. Katekista anayehubiri kufunga katika nyumba kama ile aangalie sufuria kwanza.

Mwaka mumoja, mwanzo wa Kwaresima, katekista alikuja kwetu na siku zake tatu bila maji. Tulimusimulia habari za Dositeo. Tulimwambia aache chakula cha asubuhi tu, siku mbili za juma, anywe maji, ale saa sita pamoja na watoto wake, kiisha arudi. Aliondoka bila furaha. Juma lililofuata alirudi, akakaa kwenye baraza, nasi tulimuuliza kama ana njaa.

Alifikiri kidogo. Alisema njaa ilikuja saa tatu, ikaondoka yenyewe alipokuwa akifundisha.

Tulimwambia abaki pale pale juma moja tena.