Kabla Umpe AI Excel Yako, Soma Hii Historia

Wasee, kuna kazi mpya mjini na wengi bado hawajaiona: kuandikia AI maelezo ya vifaa. Sio kuunda AI yenyewe. Ni kuandika aya mbili tatu zinazomwambia ajenti wa AI (sio ule wa M-Pesa) kwamba hapa kuna kifaa cha kutafuta ndani ya lahajedwali, kinatumika hivi na kinarudisha majibu haya. "Maelezo tu?" Ndio, maelezo tu. Na historia inaonyesha mambo huharibikia hapo hapo.

Turudi Novemba 1971. Pale Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix. Kila amri ilielezwa jina lake, inavyoandikwa na kazi yake. Halafu kulikuwa na kichwa kinaitwa BUGS, yaani kasoro. Aliyeunda kitu anakuambia mwenyewe kinaharibikia wapi! Hebu fikiria mwenye matatu akibandika mlangoni kwamba breki zake husumbua mvua ikinyesha.

1979, Dan Bricklin na Bob Frankston wakaleta VisiCalc kwenye kompyuta ya Apple II. Hesabu za karatasi zikahamia kwa skrini, na ndani yake kulikuwa na fomula ya kutafuta, LOOKUP. Lotus 1-2-3 ikafuata 1983, kisha Excel 1985. Ukiwahi kufanya kazi ya ofisi, mjukuu wa ile fomula unamjua: VLOOKUP.

Sasa shida ya VLOOKUP ni hii. Usipoiambia unataka jibu kamili, inakutafutia la karibu. Sio ujinga, ina sababu. Chukua PAYE: mshahara wako kamili haumo kwenye jedwali la kodi, lakini uko ndani ya kiwango fulani. Au gredi: jedwali lina 60, 65 na 70, wewe umepata 67, unapewa gredi ya 65. Poa kabisa.

Lakini itumie kumtafuta mtu kwa namba ya kitambulisho, kwenye orodha ambayo haijapangwa. Inaweza kukupa pesa za mtu mwingine, kimya kimya, bila onyo lolote. Na hayo yote yameandikwa kwenye maelezo! Ni nani alisoma? Ilibidi tungoje hadi 2019 ndio Microsoft itangaze XLOOKUP, ambayo hutafuta jibu kamili bila kuambiwa.

Kuna wakati kosa la aina hii liligusa afya ya watu. 2020, Uingereza, visa 15,841 vya Covid viliachwa nje ya hesabu ya taifa kwa siku kadhaa. Sababu? Data ilipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Likijaa, kinachobaki kinakatwa. Watu waliokaribiana na hao wagonjwa wakachelewa kutafutwa.

Sasa tumefika kwa AI. Juni 2023, OpenAI iliwapa watengenezaji programu njia ya kuiambia modeli ni vifaa gani inaweza kuita. Novemba 2024, Anthropic ikatoa MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha AI na vifaa vya nje. Kwa zote mbili, kifaa kinatambulishwa kwa jina, maelezo na vitu kinavyohitaji kupewa. Ajenti husoma hayo ndio aamue atakitumia lini na vipi. Wewe ukikwama unauliza jirani yako wa meza. Ajenti huenda hana jirani. Ana aya yako tu.

Ichukue hii nyumbani. Faili la mweka hazina wa chama lina namba za simu. Nyingine zinaanza na 07, nyingine 254, na nyingine Excel imekula ile sifuri ya mbele. Maelezo ya kifaa yanasema tu: "Hutafuta data kwenye faili." Ajenti anatafuta namba ya mama mmoja ikiwa na 07, hapati kitu, anaandika hajalipa. Kumbe alilipa, ila namba yake iliandikwa kwa 254. Kukosa kupata sio sawa na kukosa kuwepo, lakini hakuna aliyemwambia ajenti hivyo.

Maelezo mazuri yangesema: namba zimeandikwa kwa njia tatu, jaribu zote. Kifaa kinarudisha mistari 100 pekee, kwa hivyo ukiona 100 jua huenda kuna mingine. Ukikosa jibu, sema hukupata, usiseme hayupo.

Maoni yangu ni haya: hiyo kazi isiachiwe mtu wa mbali ambaye hajui sisi huandika Wanjiku, Wanjikũ na "Mama Brayo" kwenye safu moja. Sisi ndio tunaijua data yetu na vurugu zake. Orodha za basari na za chama zinaanza kupitia kwa hizi mashine, na anayefutwa kimakosa ni mtu wa kwenu.

Kwa hivyo ukipewa hiyo kazi, anza na BUGS. Andika kwanza kifaa chako kinadanganya wapi, ndio uje kwa sifa zake.