Juu ya nini mashini ya treni inapewa jina?

Hapa Ituri hatuna reli. Mtu wa Nizi akitaka kuona njia ya chuma, aende Mungbere katika Haut-Uele, mwisho wa reli ya zamani ya Vicicongo, ao avuke mpaka mpaka Pakwach, Uganda, fasi reli ilifika mwaka 1964. Lakini desturi ya kupa mashini jina tunaijua vizuri. Angalia kamioni zinazopita Nizi ao mitumbwi ya Kasenyi: nyingi zina maandishi yake mbele, na shofere anajulikana kwa jina la gari kuliko jina lake mwenyewe.

Kwa treni, mwanzoni ilikuwa ni lazima. Huko Uingereza, miaka ya 1820, mashini zilikuwa chache na wenyewe waliziita namna watu wanavyoita farasi na meli: Locomotion ya 1825, Rocket ya 1829. Zilipokuwa mamia, namba ilichukua kazi hiyo. Namba ndiyo fundi anaandika katika kitabu cha matengenezo. Jina likabaki kwa heshima na kwa kujitangaza, na hapo ndipo swali linakuja: heshima ya nani?

Jibu liko kwa majirani zetu. Miaka ya 1950, shirika la East African Railways lilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakubwa wake walichagua majina ya namna moja kwa aina kadhaa za mashini.

Mashini 29 za aina ya 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, kama Sir Harold MacMichael na Sir Horace Byatt. Uhuru ulipofika, vibao viling'olewa. Mashini ziliendelea kuvuta mizigo kwa namba tu, na hazikupungua nguvu hata kidogo.

Aina za 29, 30 na 31 zilichukua majina ya makabila. Namba 2921, kwa mfano, iliitwa Masai of Kenya. Labda kule ilikuwa sifa tu. Kwetu Ituri, fasi watu wameuawa juu ya jina la kabila, mimi ningeogopa kuona kibao cha namna hiyo mbele ya kamioni inayokaribia bariere.

Zile zilizopendwa zaidi ni za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima. Zilikuwa 34, zilizotengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna mashini ya mvuke iliyokuwa kubwa kuzipita kwenye reli ya upana wa meta moja, duniani kote. Tangi la mvuke lilikuwa katikati, na magurudumu yamegawanyika makundi mawili, mbele na nyuma, kusudi jitu hilo liweze kupinda kwenye kona za kupanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Namba 5901 ilikuwa Mount Kenya, 5928 Mount Kilimanjaro. Na 5902? Ruwenzori Mountains.

Ruwenzori ni yetu pia. Kilele chake cha Margherita, meta 5.109, kiko kwenye mpaka wa Congo na Uganda, na watu wa Beni wanaamka wakiuona. Mizigo ya kutoka Mombasa ilikuwa inafika Ituri kwa njia hiyo ya reli, kisha kwa meli ya Ziwa Albert, Robert Coryndon, iliyofika Kasenyi na Mahagi. Meli hiyo nayo ilibeba jina la gavana.

Siku hizi watu wenyewe wanatoa majina. Tanzania ilipoleta treni za umeme zenye pua iliyochongoka mwaka 2024, raia waliziita Mchongoko, na jina hilo limeshika bila kibao chochote.

Katika museum ya reli ya Nairobi zimebaki mashini mbili za milima: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Gavana MacMichael, namba 6006, naye yuko pale. Ruwenzori haiko.