Sumu ya Urea kwa Ndama na Mitamba wa Maziwa

Urea ni kirutubisho cha bei nafuu kinachoongezwa kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa, hasa wakati wa kiangazi ambapo malisho hubaki kuwa mabua na nyasi kavu. Ina takribani asilimia 46 ya naitrojeni. Vijidudu vilivyomo katika tumbo la kwanza la ng'ombe huigeuza kuwa amonia, kisha hutumia amonia hiyo kujenga protini.

Ndama hana uwezo huo, kwa kuwa tumbo lake la kwanza bado halijakomaa. Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri asipewe urea kabla ya kutimiza miezi 6. Hata mtamba mkubwa huzoeshwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na urea isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu anachokula kwa siku.

Amonia inapozidi uwezo wa ini, huingia katika damu na kushambulia ubongo. Kwa mnyama asiyezoeshwa, gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumdhuru. Kwa mwenye kilo 100, hiyo ni gramu 30 hadi 50 tu, yaani vijiko vichache vya chakula. Hatari huongezeka mnyama akiwa na njaa, urea isipochanganywa sawasawa, au mvua inapoiyeyusha horini naye akanywa maji yake. Soya mbichi nayo isichanganywe na urea, kwani huharakisha kutoka kwa amonia.

Dalili huweza kuonekana ndani ya saa moja: kutetemeka, kutokwa na mate mengi, kupumua kwa shida, tumbo kujaa gesi, kuyumba na kuanguka. Kifo huweza kufuata baada ya saa chache.

Daktari wa mifugo aitwe mara moja na chakula kiondolewe. Ng'ombe mkubwa hupewa lita 2 hadi 6 za siki pamoja na maji mengi ya baridi; mdogo hupunguziwa kulingana na uzito. Ni salama zaidi mtaalamu akitumia mpira wa tumboni, maana mnyama anayetetemeka hupaliwa kwa urahisi. Mara nyingi mfugaji huchelewa kwa kudhani ni kujaa gesi kwa kawaida.

Mfuko wa urea uhifadhiwe mbali na pumba na chumvi.