Lakiri, Mdhamini na Tarehe: Istilahi za Muunganisho Salama Zikitazamwa Kutoka Ujiji

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza safari ya istilahi chache zinazotumika katika mawasiliano ya kompyuta yanayolindwa kwa siri, na kuonyesha hasara inayotokea zinapotumiwa bila uangalifu. Tumechagua kuzitazama kutoka Ujiji na Kigoma kwa sababu mbili. Kwanza, Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na maneno tunayoyahitaji leo yalikwisha kutumika katika biashara ya njia hiyo. Pili, ni mjini Kigoma tulikokutana na mkasa uliotufanya tuandike.

Karani wa ofisi moja ya huko alimwandikia fundi aliyekuwa mbali kwamba mtandao unakatika. Juu ya meza yake zilikuwapo kompyuta mbili zilizotumia waya mmoja. Moja, yenye mfumo endeshi wa Windows, ilifungua tovuti ya malipo bila taabu. Ya pili, yenye mfumo endeshi wa Linux, ilikataa asubuhi, ikakubali adhuhuri, ikakataa tena alasiri. Fundi akajibu kwa maneno mawili tu: "Cheti kimekwisha." Karani, ambaye kwa miaka mingi amezoea kuarifiwa kuwa fomu au vitabu vya stakabadhi vimekwisha, akaagiza vyeti vingine kutoka stoo. Jamaa mwingine akamshauri arudishe nyuma saa ya kompyuta. Alifanya hivyo, tovuti ikafunguka, na stakabadhi za siku tatu zikabeba tarehe za mwezi uliopita. Ilibidi zote ziandikwe upya.

Hatuoni haki kumlaumu karani, wala fundi. Lawama ni yetu sisi tunaoshughulika na istilahi, kwa kuwa tuliruhusu neno moja libebe maana mbili bila kuzitenga.

Ujiji ya misafara

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani kwa kupitia Tabora, na nguo na shanga zikaja bara kwa njia hiyo hiyo. Mwendo huo ulichukua miezi. Mtu wa Unguja aliyemwandikia mwenzake wa Ujiji hakuweza kuwa na hakika kwamba barua itafika, wala kwamba atakayeipokea ndiye aliyekusudiwa. Kwa hiyo imani ilibidi ifungwe ndani ya vitu: barua ilitiwa muhuri, deni liliandikiwa hati, na mgeni alitafutiwa mdhamini.

Inafaa kukumbuka kuwa maneno hayo yenyewe ni wasafiri. Barua, hati na dhamana yametokana na Kiarabu. Muhuri lina asili ya Kiajemi. Cheti na hundi yametoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake. Cheti katika asili yake kilikuwa kikaratasi chenye maandishi mafupi, na maana ya shahada ya kuthibitisha jambo ilikua baadaye.

Mfano ulio bora wa kuvunjika kwa imani katika njia hiyo ni ule wa David Livingstone. Aliporejea Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na mchovu, alikuta mali aliyotumiwa kutoka Unguja imekwisha kuuzwa na msimamizi wa msafara, ambaye alidai kuwa ametazamia na kuona kwamba mwenye mali amekufa. Tutambue jambo hili vizuri: njia haikukatika. Mali ilifika Ujiji. Kilichokosekana ni uthibitisho wa nani yu hai, na nani ana haki ya kupokea.

Muda mfupi baadaye akafika Henry Stanley, akiwa na mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulichukua mwaka mzima hivi kutoka Unguja hadi mkononi mwa mwenyewe. Hata siku ya kukutana kwao ina utata. Stanley aliandika kuwa ni tarehe 10 Novemba 1871, hali daftari la Livingstone laelekea siku za mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili walisimama mahali pamoja, saa ile ile, wakiwa na tarehe mbili. Jambo hilo halikuwadhuru wao, lakini kati ya kompyuta mbili lingetosha kuzuia mazungumzo yote.

Bawabu na daftari lake

Njia ya siri kati ya kompyuta ilianza kuenea mwaka 1995, kampuni ya Netscape ilipotoa utaratibu wake wa kwanza kwa umma, na kanuni zake zimesahihishwa mara kadhaa hadi ile ya mwaka 2018. Kwa lugha nyepesi, tovuti inapofikiwa hutoa cheti chenye jina lake, muda wa kutumika, na sahihi ya mdhamini. Kwa kawaida mdhamini huyo ni wa kati, naye amedhaminiwa na mdhamini mkuu. Kompyuta ya msomaji hufanya kazi ya bawabu. Hutazama jina, hutazama tarehe kwa saa yake yenyewe, kisha hufungua daftari lake la wadhamini wakuu. Asiyepatikana humo, wala aliyedhaminiwa naye, hapiti.

Hapa ndipo mifumo endeshi inapotofautiana. Windows ina daftari lake, na kompyuta za Apple zina lao. Kivinjari cha Firefox cha kompyuta huja na daftari lake chenyewe. Bawabu mmoja akikataa na mwenzake akikubali, haina maana kuwa mmoja ni mbovu. Yamkini wamepewa madaftari mawili, au kanuni mbili za kuyasoma.

Mambo hayo yalidhihirika dunia nzima mara mbili. Tarehe 30 Mei 2020 muda wa cheti cha mdhamini mkuu aitwaye AddTrust ulikwisha. Vivinjari vingi vya kisasa vilitafuta mdhamini mwingine aliye hai vikaendelea, lakini programu za Linux zilizotumia maktaba ya zamani ya OpenSSL zilishika njia ile iliyokufa na kukataa. Tarehe 30 Septemba 2021 ikawa zamu ya mdhamini mkuu wa zamani aliyetegemewa na Let's Encrypt. Kompyuta za Apple zilizobaki na mfumo wa kabla ya toleo la 10.12.1 zilikosa jina la mdhamini mpya. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 nazo hazikuwa na jina hilo, lakini ziliendelea kupita kwa sababu hazichunguzi muda wa mdhamini mkuu aliyemo daftarini. Siku moja, tovuti moja, hukumu mbalimbali.

Hitilafu ya vipindi

Limebaki swali la karani wetu: kwa nini ikubali adhuhuri na kukataa alasiri? Tovuti kubwa huhudumiwa na seva kadhaa zinazopokezana zamu. Ikiwa moja kati yake imesahau kuonyesha cheti cha mdhamini wa kati, au inaonyesha kilichopitwa na muda, atakayeangukia zamu yake atakataliwa, na wa zamu nyingine atapita. Windows mara nyingi hujitafutia yenyewe cheti cha kati kinachokosekana, na kwa sababu hiyo huficha kasoro ya seva. Programu nyingi za Linux hazifanyi hivyo. Ndiyo maana waya mmoja ulizaa majibu mawili.

Sababu nyingine ni saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo inayolinda tarehe umeme unapozimika. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikiwa nyuma kwa miaka, na vyeti vyote huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Baadaye ikipata saa sahihi kutoka mtandaoni, hitilafu hutoweka. Katika Kigoma, iliyotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, sababu hii haifai kupuuzwa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo twapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi.

Kwanza, tuache kusema "cheti kimekwisha". Tuseme "muda wa cheti umekwisha", na tumtaje mwenye cheti: ni tovuti, mdhamini wa kati, au mdhamini mkuu.

Pili, "mtandao umekatika" litumike pale tu ambapo hakuna kinachopita. Bawabu akikataa, tuseme "cheti kimekataliwa". Kauli ya kwanza humpeleka fundi kwenye waya, ya pili humpeleka kwenye daftari na saa.

Tatu, "hitilafu" ifae zaidi kuliko "kosa", kwa kuwa kosa hutafuta mkosaji, na msomaji huogopa kuwa ni yeye. Ile ijayo na kuondoka iitwe "hitilafu ya vipindi", kama vile watu wa ufukoni wanavyoijua homa inayopanda na kushuka kwa zamu.

Nne, "muunganisho salama" limekwisha kuenea, wala hatuoni faida ya kuling'oa. Lakini kila kamusi ieleze kuwa salama hapa ni ile ya lakiri juu ya barua: yaonyesha kuwa barua haikufunguliwa njiani na kwamba imetoka kwa mwenye muhuri. Haionyeshi kuwa mwenye muhuri ni mwaminifu. Tapeli naye aweza kutia lakiri.

Mwisho, yeyote anayeandika taarifa ya hitilafu ya namna hii ataje mfumo endeshi na toleo lake, kivinjari, saa na tarehe ya kompyuta, na maneno kamili ya onyo kama yalivyoandikwa. Asirudishe saa nyuma, wala asibonyeze "endelea" kwa kuchoka. Livingstone alikuwa hai huku mali yake ikiuzwa Ujiji kwa ushahidi wa mtu mmoja ambao haukuulizwa. Onyo la kompyuta ni swali la bawabu, na kazi yetu wana istilahi ni kuhakikisha kuwa karani wa Kigoma analisoma kwa Kiswahili akajua ni nini anachoulizwa.