Anthosianini na Rangikinga

Mjini Juba, nyuzi 5 hivi kaskazini mwa Ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima, mwembe unapochipua hutoa majani laini yaliyolegea, yenye wekundu wa shaba, ambayo hukakamaa na kugeuka kijani kadiri yanavyokomaa. Wekundu huo hutokana na anthosianini, istilahi aliyoiunda Mjerumani Ludwig Clamor Marquart mwaka 1835 kwa maneno mawili ya Kigiriki, la ua na la buluu, ingawa rangi yenyewe huwa nyekundu, zambarau au buluu kulingana na kiasi cha asidi ndani ya seli.

Katika jani changa, klorofili, yaani rangi ya kijani inayonasa nuru kwa ajili ya usanisinuru, hupokea nishati nyingi kuliko jani linavyoweza kuitumia, na ziada hiyo huzalisha oksijeni haribifu inayoshambulia utando na protini za seli. Anthosianini, iliyohifadhiwa katika vakuoli, yaani kifuko cha maji ndani ya seli, hufyonza sehemu ya nuru hiyo, hasa ile ya mawimbi ya nanomita 500 hadi 550, ingawa wapo wataalamu wanaoona kuwa wekundu huo huwafukuza wadudu pia.

Mmea hauitengenezi rangi hii ovyo. Utafiti uliofanywa hasa kwa mmea mdogo uitwao Arabidopsis umeonyesha kwamba gizani protini ya COP1 husababisha kuvunjwa kwa protini zinazoamsha jeni za rangi, ikiwemo HY5. Nuru ya buluu au ya urujuanimno inapofika kwenye vipokezi vyake, COP1 huzuiwa, protini hizo hulimbikizana na jeni huanza kazi. Ndiyo maana embe la aina nyekundu huiva shavu moja jekundu, lile lililoelekea jua, na upande uliofichwa na majani usipate wekundu huo.

Kama jina la Kiswahili la anthosianini, neno rangikinga, lililoungwa kwa nomino mbili kama usanisinuru, linavutia, lakini hutaja kazi, si kemikali. Zeazanthini, rangi ya manjano ambayo jani huipata kwa kuibadili violazanthini ndani ya dakika chache tu za jua kali, nayo hukinga; tena anthosianini ya petali kazi yake kubwa ni kuvutia wachavushaji. Kwa hiyo rangikinga lafaa kuwa jina la kundi zima la rangi zinazokinga, na anthosianini libaki kuwa jina la kemikali za aina moja, kwa tahajia ya Kiswahili.